Ukianza peintiboli, barakoa kwanza, bunduki baadaye

Vijana wengi wanaoanza peintiboli, mchezo wa kufyatuliana vimpira vya rangi kwa bunduki za gesi, huku Marekani huniuliza wanunue bunduki gani. Mimi nawauliza wanavaa barakoa ipi. Bunduki ya kukodi haina shida. Viwanja vingi vina bunduki za kampuni ya Tippmann zilizogongwa na kuangushwa miaka nenda rudi, na bado zinafyatua. Balaa ni barakoa za kukodi: kioo kimechubuka, sponji bado ina jasho la mtu wa jana, na ukungu ukishatanda mkono unakwenda wenyewe kuivua. Hapo ndipo mtu hupoteza jicho. Mpira wa rangi hutoka mtutuni kwa futi 280 hivi kwa sekunde, zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Pajani utapata alama ya zambarau ya kutambia marafiki, lakini jicho ni habari nyingine. Tafuta barakoa ya kioo cha tabaka mbili, yenye alama ya ASTM F1776, kiwango cha usalama cha barakoa za mchezo huu. Usipoona kabisa, piga kelele umwite refa, ishikilie usoni, utolewe nje ukiwa umeivaa.

Kifuko cha kuziba mdomo wa mtutu nacho kivishwe kabla hujatoka uwanjani. Usimsikilize anayeapa kwamba mipira imemwishia. Mmoja huweza kubaki ndani.

Ukifika wakati wa kununua, mtumba si mbaya. Mwambie muuzaji afunge mtungi wa gesi kwenye bunduki mbele yako, kisha tega sikio. Ukisikia ssss, ringi za raba za kuzuia hewa isivuje zimechoka, na hizo ni bei chee, basi shusha bei. Ila thredi za kufungia mtungi zikiwa zimelika, achana nayo. Kwenye mtungi wenyewe soma tarehe ya kupimwa. Huku mingi hupimwa upya kila miaka 5, na uliopitwa na muda hawaujazi. Mimi napendelea hewa ya kawaida kuliko CO2. Ukifyatua mfululizo, CO2 hupoa, presha inashuka, na kimiminika chake kikipenya ndani huziumiza ringi. Mtungi wa hewa wa alumini wa psi 3,000 (kipimo cha presha) unatosha kabisa kwa anayeanza.

Usafi ni jioni ileile. Ganda la mpira ni jelatini, likikauka ndani linanata vibaya. Toa mipira, toa mtungi, futa kwa kitambaa na maji ya vuguvugu. WD-40 iache kwenye bawaba za mlango, ringi haziitaki. Tippmann hudondoshewa matone machache ya mafuta yake kwenye tundu la hewa. Bunduki nyingi za betri hutaka grisi, soma kijitabu chake.

Mipira usiiache kwenye buti ya gari wakati wa joto, huvimba na kupasukia mtutuni. Kuigandisha kwenye friza ni uhuni, inaumiza watu. Na uliza kwanza kabla ya kubeba boksi la mipira 2,000 kutoka dukani: viwanja vingi havikuruhusu kuingia na ya nje.