Mnaoanza jarida, programu ya bure ichagueni hivi

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya majarida, swali la "tutumie programu gani ya bure kuendesha uhariri" nalisikia kila mara, na watu wanakimbilia kutaja majina ya programu kabla hata hawajajua makala inapita mikononi mwa nani. Anzeni na karatasi na kalamu jamani. Wazo anapitisha nani, nani anaandika, nani anahakiki majina na takwimu, nani anasafisha lugha, picha anazo nani, nani anapanga kurasa, nani anasoma prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, na nani mwenye neno la mwisho. Programu ya kuchukua ni ile ambayo ukiifungua saa nne usiku siku mbili kabla ya jarida kwenda kiwandani kuchapwa unaona makala ya bima ya afya iko kwa nani na imekaa hapo tangu lini, bila kumpigia mtu simu.

Kama mko watu watano sita, mimi nasema WordPress, ile programu ya kuendeshea tovuti, inatosha, hata kama jarida lenu ni la karatasi. Ngazi za watumiaji zimo tayari, mwandishi wa nje mpeni ngazi ya mchangiaji, ataandika na kutuma kwa mhariri ila kuchapisha hawezi, na picha pia hawezi kupandisha kwa hiyo picha mpange njia nyingine. Mtu akifuta aya tatu kwa bahati mbaya mnarudi kwenye nakala ya nyuma mnazikuta. Mkiongeza PublishPress Planner, kiongezo cha WordPress, ile ya bure, mnapata kalenda ya uhariri na sehemu ya kuandikiana maoni pembeni ya makala, yaani mabishano yote ya mhariri na mwandishi yanakaa hapo hapo badala ya kupotea kwenye grupu la WhatsApp.

Na hapo kwenye WhatsApp nikazie. Picha ikitumwa kama picha inabanwa. Kwenye simu utaiona safi, ila ukurasa mzima wa A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) unataka pikseli 2480 kwa 3508, na ikishabanwa hakuna programu ya kukurudishia ule ubora. Itumwe kama dokumenti, au bora zaidi mpiga picha aiweke mwenyewe kwenye folda ya toleo, Nextcloud, programu ya kuhifadhi na kushirikiana mafaili, inafanya kazi hiyo vizuri na ni bure.

Open Journal Systems nayo mtaambiwa sana. Ni programu nzuri mno, imetoka kwa Public Knowledge Project ya Kanada, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaitumia kwa majarida yake ya kitaaluma. Ila imejengwa kwa ajili ya makala kupelekwa kwa wataalamu waipitie kwanza, halafu kusafisha lugha, halafu uzalishaji, sasa jarida la mitindo au michezo la kila mwezi mtateseka bure na hatua msizozihitaji. Superdesk ni ya vyumba vikubwa vya habari, bila fundi wa seva msiiguse.

Halafu bure zipo za aina mbili na hili wengi hawaliangalii. Trello, ile ya kupanga kazi kwa kadi mtandaoni, hamlipi, ila mwenye mali ni kampuni, kesho ikipunguza mnachopewa bure hamna la kufanya. Ulizeni mapema, tukihama tunatoka na kazi zetu kwenye faili la aina gani? WordPress inawapa makala zote kwenye faili la XML, ambalo programu nyingine zinaweza kulisoma, na msimbo wake ni wazi kwa yeyote. Seva (kompyuta inayobeba tovuti) na domeni (anwani yake) mtalipia, hiyo haikwepeki, na kabla ya kuingiza makala ya kwanza muwe mmeshakubaliana nani anachukua bekapu kila Ijumaa na anaihifadhi wapi, mradi isiwe kwenye seva ile ile.