Faida ipo, fedha haipo: wasomaji wanauliza kuhusu bajeti ya duka la jumla

SWALI: Nauza kwa jumla sukari, mafuta ya kula, unga na sabuni, Majengo, Dodoma. Benki inataka bajeti ya fedha taslimu ya Julai hadi Septemba, taarifa ya faida na hasara ya makadirio, na mizania (orodha ya mali na madeni), ndipo waniongezee overdrafti (ruhusa ya kutoa benki zaidi ya fedha zilizomo kwenye akaunti). Mauzo ya Mei na Juni yalikuwa sh. milioni 40 kila mwezi. Natarajia Julai 50, Agosti 70, Septemba 80, Oktoba 60. Nusu nauza taslimu, nusu natoa mali kauli (kwa mkopo): 40% ya mauzo hulipwa mwezi unaofuata, 10% mwezi wa pili. Bidhaa hunigharimu 90% ya bei ya kuuzia. Manunuzi nalipa nusu papo hapo, nusu mwezi unaofuata. Ya Juni yalikuwa milioni 39. Julai 1 nina milioni 5 benki, mzigo wa milioni 15 ghalani, gari na rafu za milioni 24. Mishahara, wabebaji na mafuta ya gari ni milioni 2.4 kwa mwezi. Julai nalipa pango la miezi sita, milioni 3.6, Agosti nataka kununua guta (chombo cha magurudumu matatu cha kubebea mizigo) la milioni 7.2, Septemba kuna awamu ya kodi ya mapato, milioni 2. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na mauzo, yakupeleke kwenye mzigo, mzigo ukupeleke kwenye fedha. Mizania iwe ya mwisho. Anayeanza na fedha hubahatisha manunuzi, na katika duka la jumla manunuzi ndiyo karibu matumizi yote.

Makusanyo ya Julai ni nusu ya 50, 40% ya mauzo ya Juni na 10% ya Mei: 25 + 16 + 4 = milioni 45. Kwa njia hiyohiyo Agosti ni 59 na Septemba 73. Jumla ni 177, ilhali mauzo ni 200.

Sasa mzigo. Milioni 15 ulizonazo ni theluthi ya gharama ya mauzo ya Julai (45), nasi tumeushika uwiano huo: kila mwezi ufunge na theluthi ya gharama ya mwezi ujao. Manunuzi ni gharama ya mauzo ya mwezi, ongeza mzigo wa kufungia, toa wa kuanzia. Julai: 45 + 21 − 15 = 51. Agosti 66, Septemba 66. Malipo kwa wauzaji wako yanakuwa 45, kisha 58.5, kisha 66.

Fedha taslimu, kwa milioni:

Julai: 5 + 45 − 45 − 2.4 − 3.6 = −1.0
Agosti: −1.0 + 59 − 58.5 − 2.4 − 7.2 = −10.1
Septemba: −10.1 + 73 − 66 − 2.4 − 2 = −7.5

Overdrafti ya kuomba hupimwa kwa mwezi mbaya kuliko yote, yaani Agosti, si kwa mwezi wa kufungia. Riba yake hatujaiweka; iongeze ukishajua kiwango.

Taarifa ya faida haitazami fedha imeingia lini. Mauzo 200, gharama ya bidhaa zilizouzwa 180, faida ghafi 20. Toa uendeshaji 7.2, pango la miezi mitatu tu 1.8, na uchakavu (thamani ya gari, rafu na guta inayopotea kwa matumizi) tuliokadiria 0.9: inabaki 10.1. Toa kodi 2, upate 8.1. Wengi hukosea hapa kwa kuandika pango lote 3.6, au kulifanya guta kuwa gharama ya Agosti. Uchakavu nao usiuingize kwenye bajeti ya fedha. Hakuna unayemlipa uchakavu.

Mizania ya Septemba 30: wadaiwa (wateja ambao hawajakulipa) 47, mzigo 18, pango lililolipwa mbele 1.8, gari, rafu na guta 30.3. Jumla 97.1. Upande wa pili: wadai (wauzaji ambao hujawalipa) 33, overdrafti 7.5, mtaji 56.6. Mtaji wa kuanzia ulikuwa 48.5 (fedha 5, wadaiwa 24, mzigo 15, gari na rafu 24, toa wadai 19.5), ongeza faida 8.1. Pande mbili zisipolingana, mara nyingi ni pango au wadai wa kuanzia (19.5) waliosahaulika.

Tazama wadaiwa kwa makini, maana ndipo faida yako ilipolala. Walikuwa milioni 24, wamefika 47. Wenye maduka watabeba milioni 23 za ziada, nawe mwisho wa Septemba utakuwa unadaiwa na benki 7.5. Ukiweza kufanya 60% ya mauzo kuanzia Julai yawe taslimu na 30% yalipwe mwezi unaofuata, pengo la Agosti linapungua hadi −3.1 na Septemba inafunga na 0.5. Ukilisogeza na guta hadi Oktoba, hutabaki pungufu hata mwezi mmoja: 4.0, 4.1, 7.7. Jaribu hesabu hii kabla ya kusaini mkopo.

Hukutaja fedha unazochukua za nyumbani. Ziandike, hupunguza fedha na mtaji, si faida. Kama umesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), tenga pia malipo ya kila tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa sababu Mamlaka ya Mapato (TRA) haisubiri mteja wako alipe mali kauli.

SWALI: Nanunua mahindi Kibaigwa wakati wa mavuno na kuyauza bei ikipanda. Mkopo wa benki niuandike kama mapato? Na bajeti ya miezi mitatu inanitosha?

JIBU: Mkopo huingia kwenye bajeti ya fedha mwezi unaoupokea, na kwenye mizania kama deni. Kwenye faida na hasara hauonekani kabisa. Huko inaingia riba tu.

Miezi mitatu haikutoshi. Ukinunua Juni hadi Agosti na kuuza Januari hadi Machi, bajeti fupi itaonyesha fedha zikitoka tu. Andaa ya miezi 12, na uweke ndani yake magunia, dawa ya kuhifadhia, kodi ya ghala na punguzo la uzito mahindi yanapokauka. Kisha panga marejesho yaanze baada ya Januari. Ukikubali kuanza kulipa Septemba, utalazimika kuuza kwa bei ya mavuno.