Dendrima zinabebaje mzigo? Nawajibu hapa

Maswali ya polima (molekuli kubwa za vipande vingi vilivyoungana) zenye matawi yamejaa, nachukua haya manne.

Dendrima ni nini, si polima tu?

Ni polima ndio, ila haiendi mstari mmoja mrefu kama plastiki ya mfuko, inaanzia katikati na kila tabaka matawi yanagawanyika tena. Ile maarufu ya PAMAM (kifupi cha poliamidoamini), ya mkemia Donald Tomalia na wenzake kule kampuni ya kemikali ya Dow, Marekani (1985), inaanza na ncha 4, zinakuja 8, 16, 32, kizazi cha nne (yaani baada ya kugawanyika mara nne) tayari una ncha 64 kwenye kitu cha nanomita 4 na ushee. Ndani kunabaki mianya, na humo ndo wageni, yaani molekuli zinazobebwa kama dawa, wanakaa. Zile picha za duara safi msiziamini sana lakini, ncha nyingine hujikunja zikarudi ndani.

Dawa inaingia yenyewe?

Ndio, mradi ndani pawe pazuri kwake kuliko majini. Isiyopenda maji inajificha kwenye mianya. Ila dawa yenye asidi kama ibuprofen mara nyingi haina haja ya kuingia kabisa, inanasa huko nje kwenye amini za ncha (vikundi vyenye nitrojeni vinavyovutana na asidi) kwa nguvu ya chaji ya umeme tu.

Sasa si itatoka kirahisi vilevile?

Hapo umegusa penyewe! Inavuja, tena ukiweka chumvi inavuja zaidi. 1994 kundi la mkemia Bert Meijer kule Eindhoven, Uholanzi, walifanya kitu nakipenda sana: walichukua dendrima ya ncha 64, wageni wakiwa ndani wakazifunga ncha kwa vipande vinene vya fenilalanini (aina ya asidi amino), basi nje kukabanana kama mlangoni mwa daladala saa ya jioni, aliye ndani hatoki. Baadaye wakapunguza unene wa hizo ncha kwa asidi ya fomiki, molekuli ndogo zikatoka lakini rangi ya rose bengal, ambayo ni kubwa, ikabaki humohumo mpaka gamba lote lilipovunjwa kwa kuchemsha kwenye asidi kali. Yaani unachagua nani atoke kwanza kwa ukubwa wake. Kwa mgonjwa haifai bila shaka, nani akuchemshe kwenye asidi?

Kwa hiyo mwilini inaachiaje?

Njia mojawapo ni pH, kipimo cha uasidi, ikishuka asidi imezidi. Damu ni 7.4, ila kwenye vifuko ambamo seli inameza vitu inashuka mpaka 5 au 6, amini za ndani zinapokea protoni (chembe zenye chaji chanya), matawi yenye chaji yanasukumana yanatanuka na mgeni asiyependa chaji anatoka. Shida ni kwamba PAMAM yenye ncha za amini inatoboa utando wa seli, so ncha lazima zifunikwe kwanza, na kuitengeneza tabaka kwa tabaka ni gharama. Ndo maana wengi wanaenda kwa zile za matawi ya ovyoovyo, zinapikwa chungu kimoja, bei poa, ila ukubwa haulingani na mzigo kila moja inabeba wake.