Kuitikia nako ni kuimba

Wadogo zangu mnaoanza kuimba, naona kila mmoja anaililia maikrofoni ya mbele. Ukiambiwa uitikie, unanuna. Hebu mwangalieni Marcia Griffiths, mwimbaji wa rege wa Jamaika.

Alianza kupanda jukwaani Kingston mwaka 1964, bado binti mdogo, na bendi ya Byron Lee. Mwaka 1968 akatamba na "Feel Like Jumping" aliyoirekodi kwenye studio ya Studio One. Mwaka 1970 yeye na mwimbaji mwenzake Bob Andy wakaingia tano bora za Uingereza kwa "Young, Gifted and Black". Kwa hiyo 1974, alipoungana na Rita Marley na Judy Mowatt kuwa I-Threes, waitikiaji wa Bob Marley, alikuwa staa tayari. Na bado akakubali kusimama nyuma.

Sikilizeni "Three Little Birds" ya 1977, lakini mwacheni Marley, fuateni akina mama tu. Wanaingia pamoja, wanamaliza neno pamoja, hakuna anayemfunika mwenzake. Hiyo haiji kwa kipaji peke yake. Jizoezeni watu watatu kwenye maikrofoni moja, mjirekodi kwa simu. Ukisikia sauti yako kuliko za wenzako, rudi nyuma hatua moja. Anayeimba sauti ya kati ndiye mwenye kazi ngumu, maana sauti ya kwanza inamvuta kila saa. Mpeni mwenye sikio, siyo mwenye koo kubwa.

Ila kuitikia kusikufanye ulale. Katika miaka hiyohiyo ya Marley, Marcia alitoa albamu zake, "Naturally" na "Steppin", akiwa na Sonia Pottinger, prodyuza mwanamke, jambo adimu Jamaika ya wakati ule. Marley alipofariki Mei 1981, Marcia alikuwa na kazi yake mkononi.

Wimbo wake "Electric Boogie" uliandikwa na Bunny Wailer, aliyekuwa na Marley kwenye kundi la Wailers. Ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 80, lakini Marekani ilishika kasi baada ya kuchanganywa upya 1989, na mpaka leo watu huicheza harusini wakiwa wamejipanga mistari. Mimi siihesabu kuwa kazi yake bora, "Steppin" naipenda zaidi. Zilipokuja zama za dansihoo, muziki wa Jamaika uliofuata rege, hakususa. Akaenda kurekodi studio ya Penthouse kwa prodyuza Donovan Germain, juu ya midundo ya kompyuta.

Basi ukiitwa kuitikia, nenda. Kubalianeni malipo kabla ya kurekodi, na kama umechangia mashairi, jina lako liandikwe siku hiyohiyo. Na wimbo wako mwenyewe uwe tayari kwenye simu, prodyuza akiuliza una nini.