Jibu: Muvi za kwenye hadi diski na DVD za kabatini

Ndugu, umeuliza programu gani itakupangia muvi zilizojaa kwenye hadi diski ya nje, nyingi zikiwa za Kibongo, pamoja na DVD zilizobaki kabatini. Weka Jellyfin kwenye kompyuta uliyochomeka hiyo diski. Ni ya bure, haina matangazo, na utazitazama kwenye simu au TV ya sebuleni kwa Wi-Fi ileile ya nyumbani.

Ila kwanza shughulika na majina ya faili, kazi kubwa iko hapo. Kila filamu iwe na folda yake, jina lifuatiwe na mwaka kwenye mabano, mfano (2011). Jellyfin husoma hilo, kisha huchota jalada, waigizaji na muhtasari kutoka TMDb, hazina ya taarifa za filamu iliyoko mtandaoni. Za Kibongo zisizokuwemo huko utazijazia mwenyewe. Usiruke waigizaji, ili mtu akitaka za Kanumba zitoke zote pamoja. Zile zilizouzwa Part 1 na Part 2 ziweke folda moja, majina yaishie na -part1 na -part2, zitahesabika kama filamu moja.

Halafu washa NFO kwenye mipangilio ya maktaba. Taarifa zitaandikwa kwenye faili dogo kando ya muvi, kwa hiyo ukihamia kompyuta nyingine hurudii kujaza.

DVD wala zisikuumize kichwa, Excel inatosha: jina, namba ya boksi, nani kaazima. Hiyo safu ya mwisho ijaze kweli, maana watu hawarudishi!