Kofia ya jino imetoka baada ya miezi minne, nani alipe?

Pole dada. Miezi minne ni michache mno, usikimbilie kulipa upya. Igeuze hiyo kofia (kifuniko kinachobandikwa juu ya jino lililochongwa) uitazame ndani: ukikuta saruji ya meno iliyokauka tu, basi gundi ndiyo imeachia, na kuibandika tena ni kazi ndogo, mimi ningedai waliokuwekea waifanye bure. Ukikuta kipande cha jino kimebaki humo, hapo jino lenyewe limevunjika na pana ubishi nani alipe, omba eksirei kwanza. Nenda na risiti. Usiibandike kwa supaglu (wapo wanaofanya!). Wakikuzungusha, Baraza la Madaktari Tanganyika hupokea malalamiko dhidi ya madaktari wa meno pia. Ila wahi, maana hapa Dodoma "njoo wiki ijayo" haziishi, na jino lililochongwa likikaa wazi, meno jirani husogea, kofia ikagoma kuingia.