Rubani hupotezaje mwelekeo asipoona nje?

SWALI: Ninakaa Embakasi, na asubuhi za Julai, ukungu ukitanda, huzisikia ndege za mizigo bila kuziona. Nimesoma kwamba moja ilianguka Marekani mwaka 2019 kwa sababu rubani alipotewa na mwelekeo. Inawezekanaje, ilhali mbele yake mna vipimo vya kila aina?

JIBU: Ndugu msomaji, vipimo huwapo na aghalabu huwa vizima, kinachodanganya ni sikio. Ndani yake mna vijiwe vidogo sana vinavyouarifu ubongo chini ni wapi, lakini haviwezi kutofautisha mwili ulioegemea nyuma na mwili unaosukumwa mbele. Fumba macho ndani ya matatu inayong'oka kwa fujo Barabara ya Mombasa, nawe utahisi kiti kimelala. Ndege ikiongeza mwendo kwa mita 2 kwa sekunde katika kila sekunde, rubani asiyeona nje huhisi pua imeinuka nyuzi 11 hivi kuliko ilivyo, na akiifuata hisia hiyo huisukuma chini ndege isiyokuwa na tatizo lolote.

Ajali unayoitaja bila shaka ni ya Atlas Air 3591, Boeing 767 iliyotoka Miami kwenda Houston tarehe 23 Februari 2019. Ilikuwa mawinguni, si kwenye ukungu, ila kwa sikio hapana tofauti. Wachunguzi walibaini kwamba mfumo wa kughairi kutua uliwashwa bila kukusudiwa, injini zikaongeza nguvu, na rubani msaidizi, akihisi pua imeinuka mno, akaielekeza chini. Wote 3 waliokuwamo walikufa. Ripoti iligusa pia uzembe wa nahodha katika kufuatilia safari, jambo ambalo mimi naliona zito kuliko hisia yenyewe, kwa kuwa hisia humpata kila mtu.

Kwa hapa Nairobi, hatari hiyo huwa kubwa zaidi pale ndege inapokosa kuuona uwanja na kulazimika kupaa tena. Ndege inayokuja tupu kuchukua maua ni nyepesi, hivyo huchapuka upesi na udanganyifu huzidi. Ndiyo maana tunawafunza marubani kukazia macho kipimo cha upeo, yaani kile kinachoonyesha pua imeinuka au imeshuka nyuzi ngapi, kutamka kwa sauti nyuzi wanazoziona, na yeyote anayehisi kizunguzungu amwachie mwenzake usukani papo hapo, bila kuona haya.